Rangi ya Kucha ya Mzee Vioo

Shuleni walimwita Mzee Vioo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutunza vile vipande vya kioo vinavyotazamwa kwa hadubini: ngozi ya kitunguu, mguu wa nzi, unyoya wa kuku. Alivitengeneza mwenyewe. Aliyeyusha gundi ya gliserini na jelatini kwa maji ya moto, akadondosha tone juu ya kitu chenyewe, kisha akalifunika kwa kioo chembamba, akikilaza kwa upande, polepole, povu lisipate pa kujificha. Gundi hiyo ikiachwa wazi hukauka, kwa hiyo kingo alizipaka rangi ya kucha.

Rangi ilikuwa ya mkewe. Mke aliwalalamikia majirani kwamba ameolewa na mwizi wa urembo, na siku moja akadai naye apewe brashi. Kioo alichopaka kilikuwa na bawa la nondo aliyetoboa gauni lake la harusi. Alitaka adui huyo afungwe maisha. Mkono haukuzoea, mstari mwekundu ukapindapinda kama mlevi anayetafuta mlango. Kioo hicho Mzee Vioo hakukipeleka shuleni.

Sasa mkewe ni marehemu, kazi amestaafu, na nyumba imekuwa kimya hata friji ikinguruma anageuka kutazama. Asubuhi moja alikitoa kioo kabatini, akakuta rangi ya upande mmoja imepasuka. Gundi ilikuwa imenywea, hewa imepenya hadi karibu na bawa. Akikiacha, bawa litakauka limong'onyoke. Akitaka kukitengeneza, lazima akwangue rangi, na rangi ile ndiyo mkono wa mkewe.

Alikaa nacho hadi chai ikapoa. Mwishowe akashika wembe, akabana pumzi, akakwangua upande ule mbovu peke yake. Pande nyingine tatu hakuzigusa. Akakipasha kioo joto juu ya kikombe cha maji ya moto, akaweka tone la gundi mpya kwenye pembe moja ya ukingo ulio wazi. Likanyonywa ndani taratibu, na hewa ikatokea pembe ya pili. Bawa halikutikisika.

Kichupa cha mkewe kilikuwa kimekauka kama kokoto. Akaenda dukani, akawa anainua rangi nyekundu moja moja kwenye mwanga. Dada wa dukani akacheka.

"Babu, umepata mchumba unatuficha?"

"Ya mke wangu," akajibu. Hakukusudia kudanganya, ndivyo mdomo ulivyozoea.

"Basi mwambie apake mara mbili. Hii ya mara moja inabanduka."

Akasema atamwambia.

Nyumbani aliketi karibu na dirisha. "Upake mara mbili," akasema kwa sauti, kisha akafungua kichupa kipya. Mkono wake ulijua kunyoosha mstari, lakini huu aliupinda makusudi, ufanane na wenzake. Akangoja ukauke. Akapaka tena.