Ubeti Walioukata

Mwenyekiti wa kikundi cha maigizo alinidaka mlangoni mwa ukumbi, pale Nyasubi, akiwa na fulana mpya yenye picha ya igizo la kaka yangu. Akaniambia nimefanya vizuri kuja kulitazama.

"Ila dada, ule ubeti wa mwisho tumeuondoa. Tunamlinda marehemu."

Nilimtazama kuanzia viatu mpaka kipara. Marehemu yuko Didia chini ya udongo, sasa wanamlinda na nini? Matusi yalinijaa mdomoni, lakini nilikuwa nimekuja na mgeni, kwa hiyo nikameza na kupita.

Mgeni wangu ni fundi mwashi wa Tinde. Alikuwa ameshakaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, kofia magotini. Majina nayaacha, lake na ya wengine wote, maana yeye bado analala kwenye nyumba yenye vioo na mawe mjini hayajaisha.

Kaka yangu alikuwa mtunzi wa nyimbo za maigizo. Igizo lake kubwa ni la mchimbaji aliyefukiwa ndani ya duara, shimo la dhahabu, akawa anaimba kutoka chini huku wenzake wakimchimbua. Walilipeleka kwenye machimbo ya Geita kote, na nimewaona wachimbaji, watu wagumu hao, wakifuta machozi kwa mikono yenye vumbi la mawe. Na kwa kuwa alikulia kwenye ngoma za Kisukuma, wimbo wa mwisho aliufunga kama manju yeyote, kiongozi wa ngoma, anavyofunga: anajitaja yeye ni nani, mtoto wa nani, wa kijiji gani, kisha anawasalimu watu wake. Kwetu wimbo usiomtaja mwenyewe ni kama ng'ombe asiye na alama, yeyote anaweza kumswaga.

Alijitaja, akamtaja mama yetu, akaitaja Didia. Halafu akamsalimu fundi wa Tinde, anayemwekea maji ya kuoga akirudi amechoka.

Watu waliuimba ubeti huo kwa miaka. Waliuimba harusini, waliuimba wakipalilia pamba. Wengine walisema huyo fundi ni utani, wengine kwamba kaka ana mwanamke Tinde anamficha. Mimi nilijua. Kaka na fundi walipanga chumba na sebule hapo hapo Nyasubi, na majirani wakawasifu kwamba ni vijana wanaojua kubana matumizi. Hata walipoota mvi wakaendelea kusifiwa.

Kilichowafichua ni ugonjwa. Fundi alikuwa akimwogesha kaka wodini, akimlisha uji, hatoki. Muuguzi akamwuliza, "Wewe ni nani wake?" Alikuwa hajalala, hakuwa na nguvu ya kutunga uongo. Akasema, "Ni mtu wangu. Naishi naye."

Habari ikafika mjini kabla uji haujapoa. Mwenyekiti huyu huyu, aliyekula kwa nyimbo za kaka yangu mpaka akajenga, hakukanyaga wodini hata mara moja. Alichofanya ni kutuma watu wakachukue ngoma za kikundi nyumbani kwa kaka, naye bado anapumua. Hilo sitalisamehe, na sijali padri atasema nini.

Mazikoni baba mdogo alisoma wasifu. "Marehemu hakujaliwa kuoa, kutokana na kazi nyingi." Kazi nyingi! Kisha mshereheshaji akaanza kuita watu waje kuweka udongo: wazazi, ndugu, wajomba, wanakikundi. Fundi aliitwa mwisho kabisa, na majirani na wapangaji. Akaweka udongo wake kama mpangaji, akaja kunishika mkono.

"Pole, dada."

Ndivyo alivyoniita siku zote, hata jikoni kwao, nikila ugali aliousonga yeye. Nilitamani siku moja aniite ninavyostahili kuitwa. Hakuthubutu, nami sikumlaumu.

Basi pale ukumbini nilikwenda safu ya nyuma, nikainama sikioni kwake.

"Wameukata. Nataka niuimbe mimi. Lakini watakugeukia wewe. Unasemaje?"

Aliizungusha kofia yake magotini.

"Wananigeukia hata nikienda kununua chumvi," akasema. "Imba."

Nikaenda kukaa pembeni mwa safu ya mbele. Mshereheshaji akatangaza kwamba nyimbo zote zimetungwa na kikundi. Watu wakapiga makofi. Wanazitaka nyimbo, mtu hawamtaki. Wangeweza kumkamua kama limau na kutupa ganda, wangefanya hivyo hivyo.

Lakini walikuwa wamekosea. Waliondoa maneno, ngoma hawakuweza kuiondoa, kwa sababu kaka aliupima ubeti ule na kamba. Ubeti ukianza, mchimbaji anaanza kuvutwa kutoka shimoni. Ukiisha, mguu wake unakanyaga juu. Bila ile ngoma yule mwigizaji angebaki ananing'inia. Kwa hiyo ilipofika hapo kamba ikakazwa, ngoma ikapigwa, na waimbaji wote wakasimama wamefunga midomo kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho.

Nikasimama, nikawageukia watu, nikaimba.

Sina sauti, sijawahi kuwa nayo. Nilimtaja kaka yangu kwa jina la ubatizo na la ukoo. Nikamtaja mama. Nikaitaja Didia. Mtu akapiga kelele, "Mtoeni huyo!" Mama mmoja akawavuta watoto wake wakatoka nje. Mwenyekiti akampa mpiga ngoma ishara aache, na mpiga ngoma akafumba macho, akaendelea. Hakuna aliyeniitikia. Lakini safu ya mbele niliwaona bibi kadhaa, midomo yao ikicheza bila sauti, neno kwa neno.

Nikamsalimu fundi wa Tinde. Mchimbaji akatoka shimoni. Ukumbi mzima ukageuka nyuma kumtazama mtu mmoja, na hawakumtazama kwa wema.

Alivaa kofia yake, akaiweka sawa, akanisubiri. Nilipita katikati ya viti nikisikia watu wakinisonya pande zote, tukatoka pamoja. Tulitembea mpaka kwenye maduka ya mbao. Hapo akasimama. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Shemeji," akasema, "pale kwenye Tinde sauti inapanda. Wewe umeishusha."