Petali Zinazoinama

Ukitaka kumuudhi Mama Domitille wa Songo, mwambie ua ni ua tu. Irisi zake amezipanda kwa kaka yake kule milimani, kwa sababu joto la Uvira haliziachi zichanue. Kila ua lina petali tatu nyeupe zilizosimama na tatu za zambarau zinazoning'inia, na kila inayoning'inia ina ndevu za manjano. Nyuki hukanyaga hapo akiingia kunywa.

Jumamosi Noella, mtoto wa dada yake, alikuwa anaolewa. Domitille alizishusha irisi mlimani na ndoo kichwani, akawaachia akina mama wanaopamba kanisa, akaenda kubadilisha nguo. Aliporudi alikuta madhabahuni kuna maua meupe tu, yamefumbwa kama ngumi. Zambarau yote ilikuwa imefagiliwa pembeni.

"Zile za chini zilianza kunyauka," alisema Capitoline, mkubwa wa wapambaji, makasi bado mkononi. "Tumekusaidia kuzikata."

"Kunyauka wapi? Ziko vile tangu zichanue."

"Lakini ku ndoa, mama, ua yenye kuinama haiko baraka."

Noella alikuwa ameshafika mlangoni na gauni lake. Capitoline alimwendea haraka, akamwekea mkono kisogoni na kumshusha kichwa. "Inama zaidi," alimwambia. "Bibi harusi mwenye adabu hatazami watu."

Domitille aliokota petali moja ya zambarau, akaipangusa vumbi kwenye ndevu zake.

"Capitoline," alisema, "makasi si unayo? Umukate na huyu."