Asubuhi Tusiyowasha Moto

Mji wetu mdogo, upande wa Geita, ulikaa bondeni, vilima vimeuzunguka kama ukingo wa sufuria. Masika tulipumua kama watu wengine, kwa kuwa mvua iliosha hewa. Kiangazi kilipoingia, baridi ya usiku ilishuka bondeni ikalala pale, na alfajiri moshi wa majiko yote ukakosa pa kwenda. Ongeza vumbi la malori ya pamba na majani waliyochoma wachungaji. Mpaka jua lipande juu ya kilima, tulikuwa tunavuta hewa ya jana.

Mama mkwe wangu alikuwa na pumu. Mwaka mmoja, katika miaka ya sabini, ilimkaba vibaya hata nikaogopa kulala. Mganga wa zahanati akatuambia asubuhi tusiwashe moto, tuzibe madirisha, tungoje jua. Basi nikapika uji jioni, nikaziba madirisha kwa kanga kuukuu, nikafunga mlango. Alfajiri mume wangu akapanda baiskeli kufuata dawa.

Kosa letu ni kwamba hatukumwambia mtu. Kwetu, jiko lisilofuka moshi asubuhi ni taarifa. Jirani yangu, mwanamke mwema asiyejua kungoja, aliona paa halifuki, madirisha yamezibwa, mwenye nyumba kaondoka mbio. Akajumlisha. Akapiga yowe.

Nikasikia kilio, nikamwambia mama mkwe, "Mama, kuna msiba."

Akauliza kwa shida, "Wa nani?"

Nikajitanda kanga nikatoka kwenda kuuliza. Mlangoni wanawake wakanikumbatia. "Pole, mama. Kazi ya Mungu haina makosa." Nikalia nao. Sikujua tunamlilia nani, lakini kuuliza katikati ya kilio ni utovu wa adabu.

Wakati huo wanaume walikuwa wameshaleta magogo na kuwasha moto wa matanga uani, kama ilivyo desturi. Kuni zilikuwa mbichi. Na mahali walipopachagua, katika uwanja mzima ule, ni chini ya dirisha la mama mkwe.

Ndani kikohozi kikaanza. 

"Marehemu anakohoa," alisema mzee mmoja, kwa heshima.

Akili na hasira vikanijia pamoja. Nikawaambia wazime. Wakamwaga maji, majivu yakafuka kuliko moto wenyewe. Nilipoingia ndani, midomo ya mama mkwe ilikuwa imebadilika rangi. Sasa, watu wale walikuwa wamekuja kubeba, basi wakabeba. Wakamnyanyua na kitanda chake kuelekea kilimani, wakipokezana kila hatua chache kama wanaokwenda makaburini, maana hawakujua namna nyingine ya kumbeba mtu. Mchungaji wa ng'ombe tuliyekutana naye njiani akavua kofia. Mama mkwe akainua mkono kumwitikia. Yule bwana akawaacha ng'ombe wake pale pale.

Juu kulikuwa na jua na upepo. Tukamtua. Kifua kikapiga filimbi, kikapiga tena, halafu taratibu kikatulia, akavuta pumzi moja nzima. Mimi, niliyekuwa nimeanza kumzika moyoni, nikaangua kilio. Wanawake walikuwa wametoka majumbani mwao na machozi ambayo hayajamaliza kazi, wakaungana nami.

"Mama, tunyamaze?" nikamuuliza.

Pumzi aliyoipata hakutaka kuitumia kwa maneno.