Bakuli la Miezi Sita Sita

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na ile ya Jumamosi haikuonyesha nia yoyote ya kukoma. Mama Mchungaji akatoa amri: kila kitu kitoke kwenye majani ya ua wa kanisa, kiingie ukumbini. Basi sherehe ya kiangazi ya kijiji cha Wenbury ikabanana yote chini ya paa moja. Meza ya keki, meza ya miche, meza ya vitabu, mbwa waliolowa waliokuja kushindania mkia mzuri, na akina mama waliovaa makoti ya mvua juu ya magauni ya maua. Hakuna aliyelalamika. "Bustani zilikuwa zinaihitaji," waliambiana, kama walivyoambiana wiki iliyopita na wiki iliyotangulia.

Avril Tranter alikuwa na meza ya chai. Alileta skonzi zake ndani ya bakuli la mama yake, zimefunikwa kwa kitambaa cha kukaushia vyombo. Akazipanga kwenye sahani. Mezani hapakuwa na nafasi hata ya kijiko, kwa hiyo bakuli tupu aliliegesha pembeni mwa meza ya jirani, akageukia birika. Alipogeuka tena, bakuli halikuwepo.

Meza ya jirani ilikuwa ya vikorokoro vya kale, na muuzaji wake alikuwa Des, mumewe.

"Des, bakuli liko wapi?"

"Bakuli gani?"

"Kubwa. La rangi ya mchanga. Lilikuwa hapa, sasa hivi!"

Uso wa Des ukang'aa kwa fahari. "Ah, lile! Nimeliuza. Halikukaa hata nusu dakika. Nilikwambia mimi ninaweza biashara."

Avril alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Umeuza bakuli la mama."

"Mama yupi?"

"Mama yangu, Des! Unakula keki ya bakuli lile miaka yote tangu tuoane!"

"Keki naijua," Des alisema, sauti ikimshuka. "Bakuli hatujawahi kukutana."

Bakuli lenyewe lilikuwa la udongo wa kuchoma, nje rangi ya mchanga, ndani jeupe, ubavuni lina michongo ya kuzuia mkono usiteleze. Kwa nje halikuwa na ajabu yoyote. Lakini ndani, chini kabisa, mwiko wa mama yake Avril ulikuwa umelisugua miaka mingi hadi mng'ao ukaisha, pakabaki doa la mviringo lililofifia. Ukipitisha kidole unalihisi kabla hujaliona.

Mama huyo alipofariki, Avril na dada yake Doreen waligawana fedha bila neno, wakagawana samani bila neno, kisha wakafika kwenye bakuli. "Lichukue wewe," alisema Doreen. "Hapana, wewe," alisema Avril. "Mimi sijali kabisa." "Wala mimi." Na kwa kuwa kila mmoja alilitaka na hakuna aliyekubali kusema hivyo, walinuniana miaka, wakipungiana vichwa kanisani kama wasafiri waliokutana kituoni. Ajabu yake ni kwamba Doreen hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Alikuwa mkunga wa wilaya mpaka alipostaafu, na aliwahi kumwambia askofu, mbele ya watu, kwamba mahubiri yake yalikuwa marefu kuliko uchungu wa mimba ya kwanza. Ni yeye hatimaye aliyevunja ukimya. Alifika mlangoni kwa Avril, amebana kwapani bakuli lililokuwa limebaki kwake, akasema: miezi sita kwako, miezi sita kwangu. Likabidhiwe katikati ya Julai, siku ya kuzaliwa kwa mama, lirudi Januari.

Tangu hapo wakawa dada tena. Siku ya makabidhiano walikula keki, wakacheka, wakasengenya kijiji kizima. Avril hakuwa na shaka hata kidogo: udugu wao ulikuwa umekaa ndani ya bakuli lile, na bakuli likitoka, nao unatoka. Safari hii ilikuwa zamu ya Doreen kulipokea. Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata.

"Nani kalinunua?" aliuliza Avril.

"Yule binti aliyehamia nyumba ya zamani ya fundi viatu. Yeye na kijana wake mwenye ndevu. Nenda tu, mke wangu, warudishie pesa yao, useme ni makosa. Watu wazuri wale."

Ilisikika rahisi sana, na Jumatatu Avril alienda.

Binti aliitwa Tamsin. Alifungua mlango akiwa na rangi ya bluu kwenye nyusi, akafurahi kama vile alikuwa anamsubiri Avril tangu asubuhi. "Karibu, mama, karibu! Utaniwia radhi, nyumba ni vurugu tupu. Nyie mbwa, tokeni! Unakunywa chai?"

"Kama haikusumbui."

"Hainisumbui hata kidogo."

Na hapo, kabla hajavua hata koti, Avril aliliona. Lilikuwa limefunikwa kifudifudi kando ya sinki, zima, safi, likichuruza maji. Moyo wake ukatulia. Alikunywa chai. Akasifu karatasi mpya ya ukutani, ambayo ilimchefua. Wakazungumzia mvua, kwamba stroberi zote zimeozea shambani, na kwamba walau bustani zilikuwa zinaihitaji. Avril alikuwa anangoja upenyo. Mtu haingii tu nyumbani kwa watu akaanza kudai vitu. Kwanza chai, kisha hali ya hewa, kisha biskuti, kisha ndipo unasema, lo, karibu nisahau, kuna jambo dogo.

"Umeona tulichopata kanisani?" Tamsin alimwahi. Akalinyanyua bakuli kwa mikono miwili kama mtu anyanyuavyo kichanga. "Nimelipenda hilo! Mama, wewe unajua vitu vya kale, kila mtu kijijini anasema. Nipe maoni yako. Rufus anataka tulitoboe, tulifanye beseni la kunawia mikono. Kwenye choo cha chini."

Avril alidhani amesikia vibaya. "Kwenye choo?"

"Na bomba la shaba juu yake. Unadhani ni kosa? Niambie ukweli, maana mimi nina wasiwasi. Labda kuna mtu angeudhika."

Upenyo ndio huo, mkubwa kama lango la shamba. Avril alifungua kinywa. Aliyaona maneno yote yamejipanga: mwanangu, hilo ni la mama yangu, lilichukuliwa kwa makosa. Kilichotoka kilikuwa sauti yake mwenyewe, changamfu na ya adabu, ikisema:

"Hata kidogo! Wazo zuri mno."

Aliduwaa. Alihisi kama mtu aliyejiona kwa mbali akivuka barabara bila kutazama.

"Rufus!" Tamsin aliita kwa furaha. "Amesema ni wazo zuri!"

Rufus akaja na drili mkononi; alikuwa nayo tayari, ikingoja kuchomekwa tu. Alitandika taulo kwenye kingo za sinki, akalipindua bakuli juu yake. Tamsin alishika jagi la maji ili kumwagia kidogo kidogo, udongo usipate joto ukapasuka. Bakuli likateleza. Rufus akainua macho.

"Mama, samahani sana. Unaweza kunishikia?"

"Bila shaka," alisema Avril Tranter.

Akalishika. Aliweka viganja viwili kwenye ile michongo ambayo viganja vyake viliijua tangu alipokuwa akipanda kigoda kuifikia, akabana. Drili ikalia. Sauti ilipanda mikononi, ikaingia viwikoni, ikafika menoni. Uji mweupe wa maji na vumbi la udongo ukamchuruzika vidoleni, mzito kama unga wa keki uliokorogwa, na yeye akawa anatabasamu, maana Tamsin alikuwa anamtazama. Kitu kidogo kikadondoka sinkini: tik. Kiduara cha udongo, ukubwa wa biskuti. Upande mmoja ulikuwa umefifia mng'ao.

"Wewe ni shujaa," alisema Rufus.

"Si kitu," alisema Avril.

Alirudi nyumbani akiwa amesahau mwavuli wake kwao. Des alimkuta amesimama katikati ya jiko, maji yanamtiririka, anatazama rafu.

"Wamekupa?"

"Nimelishika, Des. Walipokuwa wanalitoboa. Mimi ndiye niliyelishika."

Des aliketi.

Jiko lile lilikuwa fahari ya maisha ya Avril. Kwa miaka thelathini alipika chakula cha watoto wa shule, masufuria ya bati, miiko mirefu kama makasia, na kila alipopumzika alipita kwenye maduka ya mitumba ya hisani mjini Ledbury na kurudi na kitu: kikombe kisicho na mwenzake, kopo la enameli, kitambaa cha meza kilichodariziwa na mtu mwenye subira. Siku za mvua kama hizi ndizo zilizomfaa zaidi. Angewasha oveni mapema, achemshe jemu, kisha ashone mchaniko wa kitambaa cha watu karibu na dirisha. Sasa alivitazama vitu hivyo kimoja kimoja. Beseni la enameli mlangoni, alilopandia mnanaa, lilikuwa limeogesha mtoto wa nani? Yeye mwenyewe alilipiga misumari chini ili maji yatoke. Alilipiga huku akiimba. Ile taa ya sebuleni, si ilikuwa jagi la mtu? Hakuwahi kuuliza, na hakuna aliyemgongea mlango. Au labda waligonga, akawapa chai, wakasifu taa, wakaenda zao.

Jumapili Doreen alifika na koti lake la kijani na mfuko mtupu wa kubebea bakuli. Avril alikuwa ameoka keki kwenye sufuria. Alikuwa amejiambia atangoja chai imiminwe, lakini alipouona ule mfuko, alisema yote kwa pumzi moja akiwa bado ameshika mpini wa mlango.

Doreen hakuketi.

"Des aliliuza."

"Ndiyo."

"Ukaenda kulichukua."

"Ndiyo, dada."

"Wakakuuliza kama ni vibaya, ukasema si vibaya."

"Nilisema ni wazo zuri mno."

"Wakakuambia ushike."

"Nikashika."

Doreen alimtazama mdogo wake kwa muda, kama alivyokuwa akiwatazama waume waliozimia kwenye vyumba vya kujifungulia. "Mama yetu," alisema polepole, "watu wanamnawia mikono chooni." Kisha akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, hadi shingoni. "Nionyeshe nyumba."

"Dada, tafadhali, usiwafokee. Hawakujua."

"Mimi si wewe, Avril. Mimi nina mdomo."

Walikwenda, Doreen mbele, akikanyaga madimbwi kana kwamba nayo yana hatia. Avril alijua kinachokuja. Doreen atasema kila kitu, binti wa watu atalia, kijiji kitajua, na Doreen hatamsalimia tena hadi kaburini.

Tamsin alifungua mlango. "Mama Tranter! Mwavuli wako tumeuhifadhi! Na huyu ni...?"

"Dada yangu," alisema Avril, akafumba macho.

"Nimekuja kuhusu bakuli," alisema Doreen.

"Mmekuja kuliona! Rufus, wamekuja kuliona!" Tamsin alimshika Doreen mkono, akamvutia ndani. "Bila mdogo wako tusingethubutu, mama. Nilikuwa nimeogopa kabisa. Unakunywa chai?"

Avril alifumbua jicho moja.

"Kama haikusumbui," alisema Doreen.

Avril hakuamini masikio yake. Alimwona dada yake, aliyemnyamazisha askofu, akipokea kikombe, akipokea biskuti, akisema karatasi ya ukutani inachangamsha. Alimsikia akisema kwamba, walau, bustani zilikuwa zinaihitaji. Kisha Doreen akauliza kwa upole kama anaweza kutumia choo.

Alikaa humo muda mrefu. Maji yalisikika yakifunguliwa, yakifungwa, yakifunguliwa tena. Alipotoka, mikono yake ilikuwa inachuruza na hakuwa amejipangusa.

"Limekaa vizuri," alimwambia Tamsin, sauti ikikwaruza. "Mtalitunza?"

"Kama yai, mama."

Nje walishirikiana mwavuli. Walifika kona ya kanisa kabla Avril hajapata ujasiri wa kusema.

"Mbona hukuwaambia?"

"Ningeanzia wapi? Yule mtoto alinishika mkono." Doreen alitembea hatua chache. "Nawe usinitazame hivyo."

"Sikutazami."

"Unanitazama."

Doreen akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa kitu, akakifungua kiganjani. Kiduara cha udongo, ukubwa wa biskuti. Kingo zake zilikuwa bado na makali ya drili, na uso wake mmoja ulikuwa umefifia.

Avril alisimama palepale mvuani. "Doreen! Umeiba!"

"Punguza sauti. Kilikuwa chooni, dirishani, kando ya sabuni."

"Umeiba kwa watu! Umekunywa chai yao, kisha umewaibia!"

"Biskuti zao zilikuwa laini kwa unyevu," alisema Doreen. Akapitisha kidole gumba juu ya lile doa, akakipitisha tena, kisha akachukua kidole cha Avril na kukiweka palepale. Walisimama hivyo, vidole viwili juu ya doa moja, na gari likapita likawarushia maji hadi magotini.

Halafu Doreen akakifunga kwenye leso na kukirudisha mfukoni.

"Hadi Januari kiko kwangu," alisema. "Na keki hiyo ya sufuria, umeweka ndimu, au nayo ulimwachia Des aiuze?"