Taya Lililokataa Kufunguka

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa kubeba. Sisemi kwa kujisifu. Gunia la mifupa ya kuuza nililipandisha mgongoni peke yangu, na wanaume wa dampo la Dandora waliniita Mama Tingatinga. Sikuwajibu. Mtu wa umri wangu hajibizani na vijana habari za mgongo wake.

Sikuzaliwa kwenye taka. Tulikuwa na shamba upande wa Bonde la Ufa, mahindi na ng'ombe wa maziwa, mimi na mzee wangu Wekesa. Halafu ukaja mwaka ule wa siasa ya vyama vingi, na watu tuliokuwa tukichota nao maji mto mmoja wakaja na mishale. Kwanza tulisikia filimbi, halafu mtu akigonga mabati, halafu moshi. Mimi na binti yangu Nekesa tulilala kifudifudi ndani ya mahindi mpaka jua likazunguka. Mzee alirudi kufungulia ng'ombe. Hakutoka tena. Waliotoroka baada yetu walisema walimfukia pembeni mwa shamba haraka haraka, hakuna aliyemlilia, hakuna aliyenyolewa nywele. Kwetu mtu hazikwi hivyo.

Nekesa aliolewa Dandora na kijana wa kwetu, Barasa, kibarua wa viwandani. Nikamfuata huko, ningeenda wapi? Lakini kwetu mama mkwe halali nyumba moja na mkwe wake. Nilikodi chumba ng'ambo ya kichochoro, na Barasa hakuwahi kukanyaga mlangoni pangu. Tukikutana njiani, yeye anachepuka, mimi nageuza uso. Akiwa na neno, anamtuma Nekesa. Hatukuwa tumegombana. Ni heshima. Hata mkono hatukuwa tumewahi kupeana.

Sasa msumari. Mvua ilikuwa imenyesha, taka zimekuwa tope, nami nimevaa viatu vya mpira wa gari ambavyo soli imeisha. Nilikanyaga ubao na msumari wa kutu ukapanda ndani ya kisigino. Niliuvuta mwenyewe. Damu haikuwa nyingi. Nikafanya kama mama yangu alivyofanya: jivu, ugoro, kitambaa juu, kazi ikaendelea. Baada ya siku chache tundu likafunga vizuri, nikajisifu. Kumbe nimefungia uozo ndani.

Asubuhi moja nikakata ugali wa jana niule na chai. Mdomo ukafunguka nusu, ukakwama. Nikasema ni jino. Nekesa akaninunulia dawa ya jino kioski. Kesho yake shingo ikawa mti. Chai nikiinywa inarudia puani. Halafu uso ukaanza kuvutwa. Watoto wa ploti wakasema, "Shosho anatucheka!" Nikachukua kioo. Midomo ilikuwa imetandazwa, meno nje, nyusi zimepanda. Sikuwa nacheka. Niliogopa uso wangu mwenyewe.

Mchana huo Nekesa alikuwa akiosha vyombo pale chumbani, kifuniko cha sufuria kikamponyoka. Kelele ile ndogo tu. Mwili wangu wote ulikazika kwa mara moja, kama kamba iliyovutwa na watu wengi. Mgongo uliinuka ukawa upinde, nikabaki nimeegemea kisogo na visigino, tumbo limeelekea paa. Meno yaliuma ulimi na damu ikanitoka pembeni mwa mdomo. Mkojo ukanitoka. Kifua hakikuvuta hewa. Na akili ilikuwa hapo hapo, haikuzimika hata kidogo. Wengi hudhani mtu akiwa hivyo hajui kitu. Nilijua kila kitu. Nekesa alipiga mayowe, na mayowe yale yakanikaza tena kabla sijapumua.

Akamwita shemeji yangu, Wafula, ndugu mdogo wa marehemu, mzee wa kanisa lao la kanzu nyeupe na vilemba. Ilikuwa Jumapili, wametoka ibadani. Walikuja wote na ngoma zao na kengele. Wafula alisimama mlangoni akaniangalia, akavua kilemba.

"Huyu ni ndugu yangu," akasema. "Wekesa hajazikwa, hajaliliwa. Amekuja kumchukua mke wake."

"Baba mdogo, si tumpeleke hospitali?" Nekesa akauliza.

"Hospitali kuna dawa ya maiti? Tutamtuliza hapa, halafu tumtie kwenye basi tumpeleke nyumbani, mambo yatengenezwe."

Wakajaa chumbani. Ngoma ya kwanza ikapigwa.

Nimesikia filimbi za vita. Nimesikia nyumba yangu ikiungua. Sijasikia kitu cha kutisha kama ngoma ile, kwa sababu vita nilivikimbia, na hii nilikuwa nimelala mbele yake. Kila pigo lilinirusha. Wakipumzika, nalegea kidogo, naiba hewa kwa puani. Wakianza, napinda tena.

"Mnaona!" Wafula akapaza sauti. "Anajibu! Pepo amesikia! Pigeni!"

Nilitaka neno moja tu. Nyamazeni. Nililisukuma toka tumboni likafika kwenye meno, meno hayakufunguka. Ikatoka sauti ya kukoroma, nao wakasema huyo ndiye Wekesa anaongea. Wakaongeza kengele.

Na niwaambie ubaya wa hofu: hata mimi nilianza kuamini. Nikamwambia mzee wangu moyoni, kama ni wewe, nivute basi kwa mara moja, usinivunje vipande vipande.

Mlango ukasukumwa. Ni jirani yangu, Mama Wanjiru, mwanamke wa Murang'a anayeuza sukuma wiki pale nje. Hatukuwa marafiki. Tulikuwa tumenuniana muda mrefu kwa ajili ya kamba ya kuanika nguo. Alikuja kugombana.

"Nyinyi mnaomba ama mnaua mtu? Biashara yangu yote imekimbia—"

Akaniona uso. Akaja akachuchumaa, akaweka kidole shavuni kwangu, pole pole, akahisi lilivyo gumu.

"Wacheni hiyo ngoma," akasema kwa sauti ya chini.

"Mama, hili ni jambo la ukoo," Wafula akamjibu.

"Wacheni, nimesema! Mtoto wangu wa kwanza alicheka hivi. Hakuwa ametimiza wiki mbili. Akapinda hivi hivi, nasi tukamwimbia na kumpigia makopo, ati ni roho mchafu. Tulimwimbia mpaka akakata roho. Halafu nesi akaniambia ni kile kisu tulichomkatia kitovu, kilikuwa na uchafu." Akamgeukia Nekesa. "Mama yako amejikata wapi?"

"Alikanyaga msumari. Lakini kidonda si kilipona?"

"Kilipona juu. Mbebeni, aende hospitali sasa."

Hakuna aliyesogea. Wale wanaume wa kanzu walimtazama Wafula, na Wafula akatikisa kichwa. "Hakuna mtu wangu atamgusa. Mkimtoa hapa kabla hajatulizwa, damu yake iko juu yenu."

"Ukoo ndio utampumulia?" Mama Wanjiru akasema. Akatoka nje. Nikasikia akibweka kichochoroni. "Na wewe? Umesimama hapo kama mlinzi wa benki. Si wewe ndiye unasukuma mkokoteni viwandani? Kuja umbebe!"

Alikuwa Barasa. Kumbe alikuwa pale muda wote, uso kwenye ukuta.

"Siwezi, mama. Huyo ni mama mkwe wangu."

"Najua."

"Siwezi kuingia chumba anacholala. Nguo zimempanda. Nikimwona hivyo nimejilaani."

"Funga macho. Unambeba kwa mikono ama kwa macho?"

Nililala nikingoja jibu lake, na nilijua ndilo litakaloamua. Koo lilikuwa limeanza kujifunga. Kila pumzi ilipita kwenye tundu dogo kuliko la kabla yake.

Sasa nisemeni vibaya mkitaka. Ningekuwa na mdomo, ningemkataza. Ningesema afadhali nife kuliko mkwe wangu anishike nimejikojolea. Nilikuwa mtu wa namna hiyo. Taya lililokuwa likiniua ndilo lililonizuia kusema upumbavu.

Nekesa akatoka mlangoni. Sauti yake haikuwa ya kulia tena. "Barasa. Akifa leo, utabeba jeneza lake. Sasa unaogopa nini kumbeba akiwa hai?"

Barasa akaingia kinyumenyume, macho ameyafumba, Nekesa akimshika bega. Mama Wanjiru alinifunika blanketi kuanzia kichwani. Nikasikia mikono migumu chini yangu. Nikakazika ndani ya mikono hiyo hiyo, na hakuniangusha. Akasema tu, "Samahani, mama. Samahani. Samahani," mpaka nje.

Wafula alisimama njiani. Barasa alimpita.

Walinilaza kwenye mkokoteni juu ya magunia. Chini ya blanketi sikuona kitu, nilisikia tu. Mama Wanjiru alitangulia mbele akifyonya na kunong'ona kwa ukali: "Zima redio! Wewe, shika mtoto wako! Nyamazeni, kuna mgonjwa!" Dandora ile mnayoijua, ya makelele, ikanyamaza kipande kwa kipande tukipita. Nilisikia magurudumu na pumzi za Barasa tu. Kila shimo la barabara niliona ndilo la mwisho.

Hospitalini daktari, mama kijana mwenye macho mekundu ya usingizi, alitazama uso wangu akauliza kidonda kiko wapi. Akakifungua. Usaha ulitoka, mweusi, na kipande cha kutu ndani, na harufu iliyomfanya Nekesa atoke nje kutapika.

"Ni pepopunda," akasema. "Ni mdudu wa kwenye udongo na uchafu, ameingia kwa kidonda. Sitawadanganya. Wengi hawarudi. Mmechelewa, lakini amefika akiwa anapumua."

Niliwekwa chumba chenye giza. Walinichoma sindano za kuzuia sumu ya ugonjwa na za kulegeza mwili, wakapitisha mpira puani wa kunilisha maziwa. Manesi walivua viatu wakiingia. Hata hivyo mlango ukilia, napinda. Trei ikianguka ukumbini, napinda. Nilikuwa nangojea sauti kama mtu anayengojea kupigwa rungu gizani, hajui litatoka upande gani. Kitanda cha pili alikuwapo mama mmoja aliyeugua baada ya kujifungua nyumbani. Nilisikia meno yake yakisagana. Siku moja sikuyasikia. Wakaja wakamtoa, pole pole, ili wasiniamshe, na mimi nilikuwa macho.

Wiki zikapita, sikuzihesabu. Nilichokijua ni sauti moja. Kila jioni baada ya kazi, mtu alikuja mpaka mlangoni pa wodi, akasimama upande wa nje, akamnong'oneza nesi: "Amemeza kitu leo?" Nesi akimwambia ingia umwone, anasema, "Hapana, niko sawa hapa." Nesi mmoja alimcheka, akamwita bwana wa mlangoni. Nilijua ni nani. Halafu nasikia nyayo zikienda.

Mwili ulianza kulegea taratibu, kwanza miguu, halafu mgongo, mwisho taya. Asubuhi moja kijiko kikapita. Jioni yake nikasikia, "Amemeza kitu leo?"

Nikasema, "Ingia."

Ndilo neno la kwanza lililonitoka. Sauti ilikuwa ya kukwaruza kama ya kuku mgonjwa.

"Mama?"

"Ingia, Barasa. Umeshanibeba. Unaogopa nini sasa?"

Aliingia akiangalia sakafu. Kijana yule, mabega yote yale, alisimama akalia huku akiangalia sakafu. Nikamwambia akae, anipe uji, kwa sababu nesi alikuwa na mikono ya haraka. Akanipa. Hakuniangalia usoni, nami sikumlazimisha.

Nilipotoka, nikitembelea fimbo, tulilitengeneza jambo lile la mkwe kunishika, kama mila inavyotaka. Yeye alileta blanketi jipya, mimi nikampa kuku, wazee wakasema yameisha. Wafula alikuwa hapo. Akaniuliza, "Shemeji, ulikuwa ukitusikia siku ile?"

"Kila pigo."

Nilikula naye. Hakunitakia mabaya, alimlilia ndugu yake kwa njia aliyoijua. Lakini nilimwambia mbele ya wote, na nawaambia nyinyi mnaosoma: mzee wangu aliuawa na watu, na watu hao wana majina. Mimi nusura niuawe na msumari. Msimsingizie Wekesa. Alipigwa akifungulia ng'ombe. Hana haja ya kurudi kuniua.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari na manesi wasio na viatu. Namshukuru Mama Wanjiru, ambaye sasa tunaanika nguo kamba moja na bado tunagombana. Hajawahi kumtaja tena mtoto wake yule, na mimi sijamuuliza. Namwombea tu.

Ukichomwa na msumari, usiweke jivu, usiweke ugoro, usiweke kinyesi cha ng'ombe. Osha kwa maji mengi na sabuni, uende uchomwe sindano, hata kama kidonda kinaonekana kidogo. Mama mjamzito achomwe pia, na kitovu kikatwe kwa wembe mpya uliochemshwa. Usiseme nimeshaugua, ugonjwa huu haunirudii. Daktari aliniambia unarudi, akanichoma tena, nami naogopa sindano kuliko mnavyofikiri.

Na ukimkuta mtu amepinda mgongo, meno yamefungana, anacheka bila kicheko, zima kila kelele kwanza. Halafu mbebe, hata kama ni mama mkwe wako.