Oili Iliyopimwa kama Asali

Juzi nilinunua gari kuukuu kutoka kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anastaafu, na kwa kuwa unawajua walimu, utaniamini nikikuambia kwamba lile gari alilitunza kwa maombi tu. Nikalipeleka kwa makanika wangu hapa Embu mjini. Akachomoa ile dipstiki ya kupimia oili, akaifuta kwa vidole, akasikitika kama daktari.

"Madam, hii injini haijawahi kuonewa huruma," akaniambia. "Nitakuwekea oili ya kuosha. Ukiona imekuwa nyeusi baada ya siku chache, usishtuke. Hapo ndio inafanya kazi."

Nikamwambia sawa. Kisha nikazunguka nyuma ya gereji, nikaketi juu ya tairi bovu na kulia, mimi mama mzima mwenye kitambulisho cha kazi shingoni. Vijana wa gereji walidhani nalilia bei. Niliwaacha wadhani hivyo, maana ningeanzia wapi kuwaeleza? Lakini wewe una nafasi, umekaa, basi ngoja nikueleze.

Mimi ni wa Mbeere, kule chini ambako ukitoka Embu barabara inateremka mpaka migomba inaisha, migunga inaanza, na joto linakupokea mlangoni kama shangazi mwenye maneno mengi. Tulikula kunde na ndengu, tukanywa uji wa mawele, na siku ya bahati tukalamba asali. Asali ndiyo iliyokuwa heshima ya kwetu. Hakuna aliyeoa bila asali, na hakuna mzee aliyesuluhishwa na mwenzake bila asali. Na asali yenyewe, kabla haijapelekwa kokote, ilipitia kwanza kwa baba yangu.

Baba hakuwa chifu wala mzee wa kanisa. Alikuwa mpimaji wa asali. Watu walikuja na vibuyu vyao, wakaketi kwenye kigoda, naye akaanza kazi yake pole pole, maana hakuna kitu alichokichukia kama pupa. Alinusa. Alisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Mwisho alidondosha tone juu ya karatasi ya khaki, ile iliyofungiwa sukari dukani, na sote tukanyamaza kuliangalia. Asali ya kweli ilikaa palepale, imejikunja. Iliyotiwa maji ilianza kutambaa na kuacha duara la unyevu, na mwenyewe akaanza kukohoa na kutafuta kofia yake. "Asali haina haraka," baba alisema kila mara. Watoto tulimwiga tukicheza kombolela, yule anayekimbia sana tukamwita asali ya maji.

Nilijivunia mtu yule. Hata leo, baada ya yote, nikikumbuka kimya kile cha watu wazima wakisubiri neno lake, kifua kinajaa.

Shida yetu ilikuwa maji. Mto wetu ni wa msimu. Mvua ikiisha unabaki mchanga mtupu, na maji yako chini yake. Wanawake walichimba shimo, maji yakapungua, wakachimba zaidi, hata ikifika Septemba shimo limekuwa refu kuliko mtu. Mwanamke mwembamba alishushwa kwa kamba, akateka kwa kata, kidogo kidogo, na kupitisha juu. Mama yangu alikuwa mwembamba, lakini hakushuka. Dada yake alishuka siku moja kabla mimi sijazaliwa na ukingo wa mchanga ukamwangukia, akatolewa akiwa maiti. Tangu hapo mama aliapa kwamba miguu yake haitaingia tena mle ndani, na wenzake wakamwelewa. Kazi yake ikawa kushika kamba. Nilimwona akiishika, midomo imekauka, macho hayatoki kwenye ukingo hata kidogo.

Kwa hivyo pampu ilipoletwa, wengine walifurahia maji, mama alifurahia uhai. Kisima kilichimbwa karibu na kanisa, injini ya dizeli ikafungwa ndani ya kibanda cha mabati, na asubuhi ya kwanza ilipoanza kunguruma, tuk-tuk-tuk, mbuzi wakakimbilia vichakani na wamama wakapiga vigelegele. Mama hakupiga. Alienda akasimama karibu na lile bomba, akaweka kiganja chini ya maji, akakiacha hapo mpaka mwenye mtungi aliyefuata akamwomba asogee. Mwaka ule nyumba yetu ilikuwa na raha ambayo sijaiona tena. Mama aliimba akipepeta kunde. Alipanda sukumawiki nyuma ya jiko, kitu ambacho majirani walikuja kukitazama kana kwamba tumefuga twiga.

Injini yenyewe haikuwa mpya. Ilikuwa imetupwa miaka mingi kwenye kiwanda kimoja cha kahawa huko milimani, kwenye unyevu, bila mtu wa kuibadilishia oili. Fundi aliyeifunga alisema wazi kwamba ndani imejaa utope mweusi ulioganda. Akaacha mikebe ya oili nyepesi yenye dawa ya kuosha, akaagiza kwamba kila ikigeuka nyeusi imwagwe na iwekwe nyingine, na baada ya mara kadhaa itaanza kukaa safi. Kisha akapanda pikipiki yake na kwenda zake. Kamati ya maji ilipokaa kuchagua mtu wa kuitunza injini, hakuna aliyehangaika. Ungemchagua nani mwingine ila yule asiyedanganyika?

Sasa sikiliza vile mtu mwenye akili anavyopotea. Wiki haikuisha kabla ya oili ile kuwa nyeusi kama masizi ya sufuria. Baba aliiangalia kwenye dipstiki, akanusa, akasugua kwa vidole. Ilikuwa nyepesi, inateleza upesi. Akadondosha tone kwenye karatasi ya khaki. Likatambaa. Lilisambaa pande zote, jeusi katikati na kijivu pembeni, likaacha duara la unyevu ambalo hata mimi mtoto nililitambua. Nilimwona baba akikunja uso vile alivyoukunja mbele ya vibuyu vya watu wenye hila.

Mama akamuuliza baba, kwani yule fundi alikuwa amesema nini? Baba akamjibu kwamba kila mwenye asali mbovu husema hivyo hivyo, ati iache tu, itatulia yenyewe. Akaimwaga yote, pamoja na mikebe iliyokuwa bado haijafunguliwa, nyuma ya kibanda. Akapanda gari hadi sokoni, akapima oili za maduka matatu kwenye karatasi yake, na akarudi na moja iliyopakuliwa kutoka kwenye pipa, nzito, ya rangi ya dhahabu, ambayo tone lake lilikaa palepale limejikunja.

Nani angemlaumu? Wiki zikapita na oili ile ikabaki ya dhahabu. Watu walipita kibandani baada ya ibada, baba akachomoa dipstiki, akaiinua kwenye jua, nao wakaguna kwa heshima. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini baba hakutia maji kitu chochote. Alisifiwa tu, na sifa zikamziba masikio. Kumbe oili ilibaki nzuri machoni kwa sababu haikuwa ikigusa uchafu. Utope wote wa miaka ile ulibaki umelala chini, na uchafu mpya ukazidi kulala juu yake.

Mama ndiye aliyesikia kwanza. Alikuwa akisonga ugali, akasimama na mwiko mkononi, akageuzia sikio upande wa kanisani. Akasema injini inakohoa. Baba akasema ni vumbi. Mama alisema tena wiki iliyofuata, na iliyofuata, mpaka baba akamwambia, kwa upole lakini mbele yetu, kwamba yeye hajawahi kumfundisha kusonga ugali. Sikumsikia mama akilitaja jambo hilo tena, ila aliacha kuimba.

Injini ilinoki mwishoni mwa Septemba, jua likiwa kali kabisa. Ilipiga kelele moja ya chuma kusaga chuma, halafu ikanyamaza, na kimya kile kikatutoa sote nje ya nyumba. Makanika aliletwa kutoka Embu. Aliifungua mbele ya watu, akaishusha sampu, lile bakuli la chini linaloshika oili, na ndani mlikuwa na kitu kama lami. Alikichota kwa bisibisi, hakikudondoka. Kile kichujio kinachofyonza oili na kuipeleka juu kilikuwa kimezibwa chote, na vyuma vya juu vilikuwa vimekauka, vikalana.

Baba alimweleza habari ya oili ya kwanza, jinsi ilivyokuwa nyeusi, jinsi ilivyotambaa kwenye karatasi. Alieleza yote bila kuficha, kwa maana hakuwa mtu wa kuficha. Makanika alikuwa kijana mwenye adabu, na nadhani angependa kuwa mahali pengine.

"Mzee, asali ni ya kukaa safi," alisema. "Oili ni ya kuchafuka. Ikikaa safi kwa injini chafu, jua haioshi."

"Kwa hivyo ile niliyomwaga ndiyo ilikuwa nzuri."

"Ndiyo ilikuwa inaosha, mzee."

Baba aliangalia mikono yake. Nakumbuka hakuna aliyecheka, hakuna aliyeguna. Makanika akasema vipuri vitachukua muda, pengine mwezi, na kila mtu pale alijua mwezi ule tutakunywa wapi.

Kesho yake wanawake walikusanyika mtoni na majembe. Nilikuwepo, nimeshika mtungi wangu mdogo wa manjano. Walichimba tangu alfajiri mpaka shimo likawa refu na mchanga wa chini ukaanza kuwa mweusi kwa unyevu. Jirani yetu, mwanamke mwembamba ambaye siku zote ndiye alikuwa akishuka, alikuwa na mimba. Alijifunga kamba hata hivyo. Mmoja wa wale wazee wa kike akatema mate pembeni, akasema si haki, kwamba mwanamke na mtoto wake tumboni wanaingizwa kaburini kwa sababu ya mtu mmoja na karatasi yake.

Mama aliiachilia kamba aliyokuwa ameishika. Akamfungua yule jirani, akajifunga mwenyewe.

"Kosa limetoka nyumbani kwangu," alisema. "Nitashuka mimi."

Walimkataza, nataka ujue hilo. Walimkataza wote, hata yule mzee wa kike aliyetema mate, tena yeye ndiye aliyelia. Mama hakubishana nao. Alivua leso ya kichwani, akanipa nimshikie, akashuka.

Alijaza mitungi minne mitano hivi. Niliona kata ikipanda na kushuka, na mkono wake mweusi uking'aa maji. Kisha upande mmoja wa shimo ukalainika na kuteremka, bila kishindo, kama unga unaomwagwa kutoka kwenye gunia. Wanawake walivuta kamba nayo ikagoma. Mtu alikimbia kuita wanaume. Baba ndiye aliyefika kwanza, akaacha jembe lake juu kwa kuogopa lisije likamkata, akaingia akachimba kwa mikono. Alichimba hata baada ya wengine kunyamaza. Walipomtoa mama alikuwa amefumba macho na mchanga umejaa kinywani, na baba akawa anautoa kwa kidole, taratibu, kana kwamba kuna haja.

Ndugu yangu, hakuna aliyemlaumu baba. Ningependa wangemlaumu. Walikuja matangani na mahindi na kuni, wakamshika mkono, wakasema ni mipango ya Mungu. Baada ya arobaini wakaanza tena kumletea vibuyu vya asali avipime, kwa huruma, ili ajue bado ni mtu. Aliwapokea, akawapa kigoda, akawaambia asali yao ni nzuri. Asali zote zikawa nzuri, ya kweli na ya maji. Watu walielewa, wakaacha kuja mmoja mmoja.

Injini ilitengenezwa baadaye na kufa tena mikononi mwa mwingine, ikauzwa kama chuma chakavu. Asali ya kwetu siku hizi inauzwa kando ya barabara kwenye chupa za soda, sukari tupu, hakuna wa kusema neno. Vijana wanapanda muguka, ile miraa ya kutafunwa majani. Hata mto wenyewe haupo. Malori yaliusomba mchanga wote, yakauleta mjini kujengea, na huko chini umebaki mwamba. Nyumba yangu iko hapa hapa Embu, mtaa unaoitwa Dallas, na wakati mwingine nauangalia ukuta wa chumba changu cha kulala, nao ulijengwa kwa mchanga uliotoka Mbeere, naondoa macho upesi.

Baba yuko hai. Anaishi na kaka yangu kule kule, hasikii vizuri, hasemi mengi. Kila Jumapili baada ya kanisa hunipigia simu. Haniulizi habari ya kazi wala ya watoto. Huuliza jambo moja, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu.

"Maji yako?"

"Yako, baba. Yako mengi."

Husubiri kidogo, ananisikiliza ninavyopumua, kisha anakata. Nimemjibu hivyo miaka yote hii, hata zile wiki ambazo mifereji ya Dallas imekauka na ndoo zangu ni tupu.