Siku Mgombea Alipompa Pole Marehemu

Nimewahi kumwona marehemu akimmiminia chai mtu aliyekuja kumlilia.

Sikuota, wala sikuwa nimelewa. Ilikuwa mchana kweupe, jikoni kwa Delia Cuffe, hapa kwetu Drumsillagh, magharibi ya Ayalandi. Mikate ya nyama nilikata mimi mwenyewe.

Mimi ni mgane, shule sikwenda mbali. Mke wangu Attracta aliugua figo. Kulikuwa na kibasi cha kaunti cha kupeleka wagonjwa hospitali kusafishwa damu. Wakubwa wakakifuta, eti abiria wachache.

Haya. Attracta akafa majira ya baridi yaleyale. Abiria wakawa wachache zaidi.

Akabaki jirani yangu Delia, mjane, figo mbovu vilevile, kila safari ya kuombaomba lifti. Akikosa mara moja, miguu inavimba kama magogo. Akikosa mara nyingi, mimi najua mwisho wake. Nimeuzika.

Ndipo uchaguzi ukaja, na mgombea wetu wa udiwani, Fintan Tarpey, akanigongea mlango. Meno meupe, viatu vinang'aa, kipeperushi mkononi.

"Mzee Malachy! Nina vipaumbele vitatu vya kuboresha maisha ya kaunti!"

"Vimwage."

"Kwanza, njia ya baiskeli kando ya mto. Pili, sanamu ya korongo pale kipilefti. Tatu, furaha."

"Furaha?"

"Furaha kwa wote, mzee wangu."

"Na kibasi cha wagonjwa?"

"Hilo liko kwenye mchakato."

"Basi nenda pale kwa Delia ukamweleze huo mchakato."

Akaitazama njia ya kwa Delia. Mashimo, maji, mavi ya ng'ombe. Akatazama viatu vyake.

"Aah, Delia namjua sana. Mpe salamu."

Huyoo, garini.

Nilipofikisha salamu, Delia alicheka mpaka akakohoa. "Ananijua wapi? Hajaniona hata kisogo! Ila nikifa, Malachy, atakuja mbio."

Kweli kabisa. Huku kwetu mwanasiasa akikosa harusi yako unamsamehe. Akikosa msiba wako, amekwisha. Redio ya kaunti husoma vifo kila asubuhi, na wagombea huisikiliza kuliko mapadri.

"Basi acha nife," Delia akasema.

Binamu yake anauza majeneza, na ndiye hupeleka majina ya marehemu redioni. Alikataa, akafoka, akaishia kukubali. "Nikifungiwa duka, nawazika wote wawili bila jeneza!"

Majirani tukawanong'oneza mapema, asije akafa mtu kwa mshtuko. Asubuhi redio ikatangaza: Delia Cuffe wa Drumsillagh hatunaye, nyumba iko wazi kuanzia saa tisa.

Saa tisa haijagonga, Fintan huyo! Tai nyeusi, uso wa kuazima. Yale mashimo aliyaruka kama mbuzi.

Jikoni tumejazana, tumeng'ata midomo. Akawa anapita akishika mikono, mmoja mmoja, hadi kwa bibi mwenye birika. Bibi huyo Fintan akamkamata mikono yote miwili.

"Pole sana, mama. Wewe ni dada yake?"

"Kwani tunafanana?" Delia akauliza.

"Macho yaleyale! Delia alikuwa kama mama kwangu."

"Alikuwa anakosa usafiri wa hospitali, maskini."

"Mungu shahidi, ningejua ningempeleka kwa gari langu mwenyewe!"

"Kila safari?"

"Kila safari, mama!"

Delia akatugeukia. "Mmesikia?"

"Tumesikia!" jiko zima.

"Haya. Ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Delia ni mimi. Sukari unaweka?"

Jamaa aligeuka mwekundu, akawa mweupe, kisha akashika rangi ambayo sijui jina lake.

Angefanyaje? Jiko lile lilikuwa na kura. Jumanne akaja, na mpiga picha juu. Akaja Alhamisi. Akaja kila siku iliyotakiwa, na picha zikatoka gazetini: Fintan na bibi yake mpendwa.

Mimi nikawa nasonya. "Huyu akishinda tu, Delia, utaishia kumsikia redioni."

"Najua. Ndiyo maana hatashinda."

Kumbe bibi yule alikuwa na kampeni yake. Nyumba kwa nyumba, kikombe kwa kikombe, ujumbe mmoja: mgombea anaendesha, diwani haendeshi.

Fintan alishindwa kwa kura chache kuliko watu waliokula mikate yangu jikoni mle.

Kwenye ukumbi wa kuhesabia kura alilia kama mtoto. Delia alikuwa pembeni yake na leso.

"Usikate tamaa, mwanangu. Miaka mitano si mingi. Jumamosi tutazungumza vizuri njiani."

Na Jumamosi akaja. Mpaka leo anakuja, kwa sababu anautaka uchaguzi ujao. Kibasi hakijarudi. Aliyeshinda hatumjui hata gari.

Mimi na Attracta tulimpigia kura kila aliyetuahidi. Wote walishinda. Mke wangu yuko kaburini, Delia yuko dirishani anavaa kofia, na honi inalia nje.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukibahatika kupata mgombea anayefanya kazi, mtunze. Usimharibu kwa kumpa kura.